Sijida ya Kwanza Baada ya Arobaini

Arobaini yangu ilipokwisha nilioga, nikatandika mkeka na kuswali kwa mara ya kwanza tangu nijifungue. Niliposhusha paji la uso kusujudu, chumba kiligeuka. Ukuta ulipanda juu, sakafu ikaja ubavuni, nikaanguka huku nimeng'ang'ania mkeka. Ilikuwa muda mfupi tu, kisha kila kitu kikatulia, nikabaki na kichefuchefu. Mama mkwe alikuwa mlangoni amembeba mtoto. Hakunisaidia kuinuka, alirudi nyuma taratibu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, sabuni na sukari zikipangiwa foleni. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai, Kwamkoro, nami nilikaa na mama yake mlimani juu ya Lushoto, mahali ambapo ukiteleza shambani kwako unaokotwa shambani kwa jirani. Kwa mama mkwe jambo lilikuwa wazi: mwanamke anayeanguka akisujudu ana jini lisilopenda sala. Nilimweleza kwamba kizunguzungu hicho hunijia hata nikijigeuza kitandani upande wa kulia. Heri ningenyamaza, maana alisema basi jini hilo hulala nami.

Akamchukua mtoto. Aliniletea wakati wa kunyonya tu, akasimama mbele yangu mpaka amalize, kisha akamfunga kwa mbeleko yake na kuondoka naye. Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea. Mimi hata kuombwa sikuombwa. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na woga, kwa kuwa alikwisha kumpelekea mwanawe habari kwamba mwezi mpya ukiandama nirudishwe kwetu Gare, mtoto abaki. Nikaanza kulala nimekaa, nimeegemea magunia ya mahindi. Majirani wakaacha kuazima mchi wangu.

Nilipokwenda hospitali mama mkwe alinifuata, maana mtoto angehitaji kunyonya. Daktari alimwamkia shikamoo, kisha akaniuliza siku za uzazi nililalaje. Nikamwambia nililala ubavu wa kulia karibu arobaini nzima, kama mama mkwe alivyoniamuru, nikimtazama mtoto. Alinikalisha kitandani, akakigeuza kichwa changu kulia na kunilaza kwa ghafla, kichwa kikining'inia ukingoni. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha dunia ikaanza kuzunguka.

"Usifumbe macho," alisema.

Mama mkwe aliinama, akaona macho yangu yakichezacheza yenyewe. Akamfunika mtoto uso.

Daktari alieleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna vichembe kama vya chokaa. Vikihama mahali pake, kama vinavyoweza kuhama mtu akilalia ubavu mmoja siku nyingi, kichwa kikiinama sikio hudhani mwili unazunguka. Dawa haikuwa kidonge. Nikae ukingoni mwa kitanda, nijitupe ubavu, nivumilie mpaka kizunguzungu kiishe, nikae tena, nijitupe upande wa pili, asubuhi na jioni.

Nilifanya hivyo kila siku. Kwa mtu aliye uani nilionekana kabisa kama ninayepigwa na jini, na watu walikuja kuchungulia. Lakini mzunguko ulipungua, mpaka siku moja nikasujudu na sakafu ikabaki sakafu. Nililia kwa furaha pale pale mkekani. Mama mkwe alinitazama, akasema jini haliponi, hupumzika tu. Mtoto hakunirudishia.

Mwezi wa zamani ulikuwa unaishia asubuhi ile nilipomkuta mama mkwe kwenye njia ya kisimani, pale juu ya mteremko. Alikuwa ameinama kuchukua ndoo, na sasa alikuwa ameshikilia mti kwa mkono mmoja, macho ameyafumba, mtoto akiwa mgongoni. Nilijua kinachomzungusha. Nilimshika kiuno, nikamwondoa ukingoni, nikafungua mbeleko na kumhamishia mtoto kwangu.

"Kaa chini, mama," nilimwambia. "Ni sikio. Jioni nitakufundisha nilivyofundishwa."

Alifumbua macho, akaninyooshea kidole.

"Ni jini lako," alisema. "Umelituma kwangu ili umpate mtoto."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Majirani waliokuwa wanateremka na ndoo zao walikuwa wamesimama nyuma yetu, na asubuhi hiyo hakuna hata mmoja aliyenisalimia.