Chungu Kilichobaki Kakuma

Mwanzoni mwa miaka ya sabini niliendesha lori la watu waliokuwa wakifukua makaburi ya kale karibu na Ghuba ya Ferguson, kando ya ziwa. Niliwapelekea maji na vyakula kutoka Lodwar. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa Kitale, Isiolo na Mombasa; popote nilipoanza kuzoea, nilifunga mizigo.

Siku moja walifikia mifupa ya mtu aliyelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na karibu na kichwa kulikuwa na chungu kilichopasuka. Mkuu wa wachimbaji alikitazama sana. Udongo, alisema, ni wa hapa hapa ziwani, ila michoro ya shingoni ni ya watu wa mbali kaskazini. Kwa hiyo chungu hakikusafiri. Aliyesafiri ni mfinyanzi. Akakanda udongo alioukuta, na mkono wake ukachora kama walivyochora kwao.

Habari hiyo niliibeba hadi Kakuma, kwa mwanamke wa Kiturkana aliyeuza chai. Nilitaka kumwoa, naye alikuwa ameniambia wazi kwamba haolewi na mtu wa kupita.

"Ejok," alinisalimu kwa Kiturkana, "mtu wa lori. Leo umeleta habari ya maiti gani?"

Nikamsimulia. Akacheka.

"Sisi hatuhami na chungu. Funga kwa punda, jioni iko vipande. Maziwa yetu inakaa kwa chombo ya mti na kwa ngozi. Huyo mama alikuwa amechoka kutembea."

"Labda aliwapenda watu aliowakuta."

"Labda. Na wewe utachoka lini?"

"Kazi ikiisha."

Safari iliyofuata nilimletea chungu cha maji kutoka Lodwar, kwa mchuuzi aliyeleta vyungu kutoka Kitale. Akakizika nusu mchangani kando ya mlango ili maji yapoe.

"Sasa umenifunga," alisema. "Mimi ndiyo siwezi kuhama."

Kazi ilipoisha nilikwenda kwake na godoro langu na sanduku. Nyumba ilikuwa tupu. Jirani yake, mama mtu mzima, alikuwa akichambua mtama.

"Mvua imekataa," akaniambia. "Kaka yake alikuja, wamepeleka mbuzi upande wa Lokiriama."

"Alisema atarudi?"

"Alisema hiyo chungu isiguswe."

Kilikuwa pale pale, mdomo umefunikwa kwa kipande cha bati na jiwe juu yake. Ndani kilikuwa kikavu. Nikaingiza godoro na sanduku nyumbani mwake.

Mvua zimenyesha tangu hapo, na zimekosa tena. Madereva ninaowafahamu huniuliza kwa nini nisipande nao hadi Lokiriama. Mtu aliyezunguka nchi nzima, wanasema, anashindwa na hapo tu? Ninaogopa tutapishana njiani, aje akute mlango umefungwa.

Kila asubuhi nakijaza chungu, halafu namwagia maji kidogo mchanga unaokizunguka. Ifikapo saa sita maji ya chunguni yamekuwa baridi. Nakunywa kikombe kimoja, yaliyobaki nayafunika.