Kitenzi cha Kiingereza na Shamba la Mama

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja na mjukuu kweli, tena kashika daftari. Mjukuu wangu wa kike anasomea ualimu, na juma lililopita mwalimu wao aliwapa kazi: kila mmoja achague kitenzi cha Kiingereza cha kila siku, aeleze maana zake zote na asili yake katika Kilatini. Yeye akachagua *plant*. Akaniambia, "Babu, nimechagua cha rahisi. Ni kupanda tu."

Kupanda tu! Nilimwambia akae chini.

Mimi ni mtu wa maneno, sijifichi. Kwa maneno nimekula, nimeoa na nimezeeka. Nikamwambia aandike. Maana ya kwanza, kutia mbegu au mche ardhini. Ya pili, kukita kitu kisimame imara, iwe nguzo au mguu. Ya tatu, kuwaweka watu katika nchi ili wakae humo. Waingereza wa zamani walisema hivyo juu ya walowezi wao, na shamba kubwa la mzungu bado wanaliita kwa neno la ukoo huohuo. Ya nne, kuweka kitu kwa siri ili mwenzako aonekane ndiye mwenye nacho.

"Hiyo ya nne umeitoa wapi, Babu?"

"Mahakamani. Nilitafsiri huko miaka mingi. Andika."

Kisha nikampa Kilatini. Huko *planta* ni wayo, wayo huu wa mguu, na tena ni mche. Wengi wanaeleza kwamba *plantare* ilikuwa kuuchomeka mche na kuukanyagia udongo ushike. Wako wataalamu wanaobisha, wanasema wayo na mche ni maneno mawili yaliyofanana sura tu. Wabishe, ndiyo kazi yao. Mjukuu wangu akaandika yote kwa mwandiko mzuri, akafunga daftari, akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia mzungu mmoja zamani. Akashukuru, akaenda zake, na mimi nikabaki na sehemu ya habari ambayo sijawahi kumpa mtu.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani, kabla Waingereza hawajaingia katika Boma la Arusha. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, sijaoa, nakaa na mama yangu mjane huku kwetu mlimani Meru. Mmisionari mmoja wa Kijerumani alikuwa akikusanya maneno ya Kimeru na Kiswahili ili atunge kamusi, akanichukua nimsaidie kwa kuwa Kijerumani nilikinasa upesi kuliko wenzangu. Tulikaa barazani kwake kila asubuhi, yeye na kalamu, mimi na mdomo. Alikuwa na kamusi ya Kilatini na ya Kijerumani, na moja ya Kiingereza pia, kwa sababu mizigo yake ilipitia Mombasa na barua za huko zilikuwa za Kiingereza. Neno moja lilitumalizia asubuhi nzima. Mama alinicheka: "Watu wanalima, wewe unahesabiwa meno."

Siku tuliyofika kwenye kupanda, nilimsumbua. Kwanza nilimwambia kwa Kiswahili neno hilohilo ni kukwea mlima, akashika kichwa. Kisha nikamwambia wetu huku hatupandi kila kitu kwa namna moja. Ulezi unasiwa, mbegu zinatawanywa kwa mkono. Miche ya tumbaku inaatikwa, inahamishwa kutoka kitaluni. Mgomba unachimbiwa shimo. Na isale, ule mmea wa majani marefu membamba tunaoweka mpakani, haulimiwi wala hauna mbegu ya kusumbuka nayo: unakata kipande cha shina, unakichomeka, unakikanyagia kwa kisigino. Nikainuka nikamwonyesha palepale uani kwake. Ala! Mzee wa watu aliruka kutoka kitini. Akafungua Kilatini, akafungua Kijerumani, akafungua Kiingereza, akanionyesha kwamba maneno yao yote matatu yalitoka kwenye wayo. Alifurahi siku nzima. Na mimi nilifurahi, nikarudi nyumbani natembea kifua mbele.

Aliniuliza pia isale ni la nini zaidi ya mpaka. Nikamweleza ukweli: linatumika kwenye makaburi na kwenye sala za wazee waliokufa. Akaandika, hakusema neno. Naomba ieleweke vizuri, hakusema neno. Yaliyofuata niliyafanya mimi.

Nilikuwa katika darasa la ubatizo. Tulikuwa vijana saba, na kila mmoja alitaka aonekane ameacha ya kale kuliko mwenzake. Mmoja alikuwa amevunja kibuyu cha tambiko cha babu yake, akasifiwa mwezi mzima. Mwingine akanitania mbele ya wote: "Wewe unasoma Kilatini, na shamba la mama yako limezungukwa na mizimu imesimama wima." Wakacheka. Nilichomwa. Siwezi kusema nilisukumwa na imani, imani haina haraka ile. Ilikuwa ni kutaka sifa.

Shamba lenyewe lilikuwa la chini, mbali na nyumbani, mahali mteremko unapoisha ukielekea Kimandolu. Huku juu tulikuwa na migomba michache inayozunguka nyumba. Shamba la chini ndilo lililotupa ulezi na maharage, na ziada mama aliibeba hadi sokoni Ngaramtoni akarudi na siagi na magadi. Marehemu baba alilifyeka mwenyewe na kuchomeka masale pande zote nne, na alipokufa wazee wa ukoo walimwachia mama alilime. Kitu kingine cha mkononi mwake mama hakuwa nacho. Mwaka ule lilikuwa limepumzishwa, limejaa majani, kwa hiyo masale ndiyo pekee yaliyosema kwamba pana mwenyewe.

Nilishuka asubuhi moja na jembe nikayang'oa yote. Yanang'oka kwa shida, mizizi yake ina ukaidi. Nikayatupa mtoni moja moja ili yasichipue tena, nikapanda nyumbani nikamwambia mama kwa sauti ya mhubiri.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini.

"Yote?"

"Yote, mama. Ni mambo ya mizimu."

"Mizimu? Baba yako aliyachomeka ili ng'ombe wa watu wasiingie kwenye maharage." Akachungulia nje. "Nani amekuona?"

"Hakuna."

"Basi funga mdomo. Baba yako mkubwa asisikie. Mvua ikija tutachomeka mengine."

Nilijiambia sielewi kwa nini ana hofu kubwa namna ile juu ya baba mkubwa. Nilijua, ila nilijifanya nimesahau. Kwetu, aliyeng'oa mpaka wa ukoo aliapizwa kwa kuvunjiwa chungu. Wazee walisimama, wakataja kosa, wakapasua chungu cha udongo chini, na laana ikamfuata mkosaji na watoto wake hata wale ambao hawajazaliwa. Hapakuwa na kukata rufani. Niliowajua waliovunjiwa chungu hawakupata mtu wa kula nao.

Tukasubiri mvua. Mvua ikachelewa, na kabla haijaja ikaja tume.

Wakubwa wa Boma walikuwa wanagawa ardhi kwa walowezi, na kanuni yao ilikuwa kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali. Kwa hiyo walituma wazungu wawili na askari wachache wapite mashamba ya chini wakiuliza kila mahali: ni la nani, nani amepanda, alama iko wapi. Mkalimani wao alilala na homa. Wakaomba mtu kwa mmisionari, na yeye, kwa wema wake, akanitoa mimi. Nilivaa kanzu yangu nyeupe. Loo, jinsi nilivyojiona siku ile!

Asubuhi yote kazi ilikwenda vizuri. Wazee wa koo walikuwa wameitwa, wenye mashamba walisimama kila mtu pake, na palipokuwa na masale nilieleza kwa Kijerumani safi kwamba haya ni mpaka, yamechomekwa kwa mkono. Yule mzungu mkubwa alichora mstari kwenye karatasi, akaacha shamba kwa mwenyewe, akaenda mbele. Aliacha mashamba manne namna hiyo. La tano lilikuwa letu.

Mama alikuwa amesimama katikati ya majani. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, alikuwa pembeni na wazee wenzake.

Mzungu akauliza. Baba mkubwa akajibu, nami nikatafsiri: shamba ni la marehemu mdogo wake, analima mjane wake, limepumzishwa. Mzungu akauliza alama iko wapi. Baba mkubwa akageuka ili aonyeshe, mkono wake ukabaki hewani. Akatembea mpakani. Akainama. Mashimo yalikuwa bado yanaonekana, udongo umekauka pembezoni.

"Nani ameng'oa?" akasema. Kisha akarudia kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu. "Nani ameng'oa mkono wa ndugu yangu? Leteni chungu. Jua halitui leo sijakivunja."

Kijana mmoja wa nyumba ya jirani akatumwa chungu. Nilikuwa Mkristo mtarajiwa, niliyejitapa darasani kwamba laana za wazee ni udongo mtupu, na sasa niliuogopa udongo huohuo. Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Nikamtazama mama, naye akanitazama mara moja tu, akaangalia pembeni.

"Acheni chungu, shemeji," akasema. "Ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Shamba limenishinda. Nimechoka kushuka na kupanda mlima huu. Nikayang'oa."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwetu mjane aliyekataa shamba alitozwa kondoo na kusemwa vibaya, basi. Ukoo haukumvunjia chungu mwanamke kwa kung'oa mpaka wa shamba alilopewa alime mwenyewe. Mama alikuwa ameshapiga hesabu hiyo, nadhani tangu siku ile aliyoweka kisu chini. Baba mkubwa alitema mate, akampa mgongo. Hasira ikaisha ikawa dharau.

Mzungu alikuwa anasubiri. Akaniuliza wanabishana nini.

Sehemu hii ndiyo niliyomnyima mjukuu wangu. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikuwa na la kufanya. Uongo. Pale shambani hapakuwa na mtu mwingine aliyejua Kijerumani isipokuwa wale wazungu wawili. Askari walijua amri, wazee hawakujua hata salamu. Ningeweza kumwambia kwa lugha yake: bwana, huyu ni mama yangu, anasema uongo kwa ajili yangu, masale nimeyang'oa mimi kwa upumbavu, shamba hili lina mwenyewe na amelilima tangu sijazaliwa. Hakuna mzee ambaye angejua nimesema nini. Chungu kisingevunjwa, na shamba huenda lingebaki. Maneno yote nilikuwa nayo. Niliyahesabu kichwani, sikukosa hata moja.

Lakini kumwambia hivyo kungekuwa kumwonyesha kwamba mkalimani wake hodari, mwenye kanzu nyeupe, ni mjinga aliyempokonya mama yake shamba. Niliona haya mbele ya mtu ambaye sikumwona tena maishani.

Nikakohoa. Nikamwambia kwamba mwanamke huyu, mwenye shamba, anasema alama alizing'oa mwenyewe kwa kuwa hataki tena kulima hapa. Akauliza kama ana hakika. Nikamgeukia mama, nikamwuliza kwa Kimeru kama ana hakika, kama vile ni mtu nisiyemjua.

"Mwambie ndiyo, mwanangu," akasema. "Tena mwambie upesi, twende."

Nikamwambia ndiyo. Akaandika, akawaonyesha askari wapi pa kupigilia kigingi. Kisha akanigusa bega, akasema Kijerumani changu ni kizuri kuliko cha mkalimani wao wa Boma, na kwamba atanikumbuka.

"Amesema nini?" mama akauliza.

Nikamwambia amesema shamba limekwenda. Hayo mengine sikumtafsiria.