Waya Niliomkatia Baba

Baba yangu hapendi simu. Anasema kwenye simu watu wanapandiana maneno kama kuku waliomwagiwa mahindi, na kusema kweli yeye ndiye jogoo wao: ukimpigia, hujamaliza salamu, ameshakukatiza mara tatu. Kwenye redio ni mtu mwingine kabisa. Miaka yote aliyoshika foni, yaani redio ya mawasiliano, ya kampuni ya mgodi, sheria ilikuwa moja: mwenye kubonyeza kitufe ndiye anayesema, wengine wanangoja mpaka atamke "à vous", yaani zamu yako.

Alipostaafu aliendelea na redio yake nyumbani kwetu, mtaa wa Kapata, kwa leseni yake mwenyewe, akiongea na wapenzi wenzake wa redio wa nchi za mbali. Waya wa shaba, ndio antena yake, ulitoka kwenye paa hadi kwenye mparachichi. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, asubuhi moja waya haukuwepo, na yeye akanyamaza. Redio ikafunikwa kitambaa, juu yake ikawekwa picha ya harusi. Kila jioni aliwalaani kwa wizi huo wachimbaji wadogo, wale bacreuseurs waliopita nyuma ya nyumba na mifuko yao, huku mimi nikiinamia sahani ya bukari, ugali wetu, kwa maana waya niliukata mimi.

Nilitaka viatu vya kuchezea mpira. Baba alisema msichana hana haja ya viatu vyenye meno. Basi nikapanda mparachichi, nikakata, nikauza shaba, nikanunua viatu bila hata kuvijaribu, kwa ile haraka ya mwizi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika miaka ishirini.

Siku hizi nafanya kazi ya ofisi katika mji wa Tenke. Mwaka jana nilikuja kujua kwamba mtu mwenye leseni anaweza kuongea na wenzake wa redio kwa simu yake ya mkononi: unaweka programu, unaandika alama yako ya redio, zile herufi na namba za leseni, unaingia kwenye chumba cha sauti, na intaneti inafanya kazi ya waya. Nilifurahi, kisha nikaona aibu. Nikasoma, nikafanya mtihani, nikapata leseni yangu, nikamsaidia baba kuhuisha yake. Halafu nikampelekea simu.

Aliigeuza mbele na nyuma, akauliza antena iko wapi. Nilimwambia haina. Alinitazama kana kwamba nimemletea baiskeli isiyo na magurudumu.

Wiki ya kwanza alivaa koti, akasimama chini ya mparachichi, akainua simu na kupiga kelele. Nilimwambia hata jikoni inafanya kazi. Akajibu kwamba jikoni ni mahali pa kupikia. Kosa lake jingine lilikuwa salamu. Kabla hajamaliza kuulizia wake na wajukuu wa watu, dakika tatu anazoruhusiwa kila msemaji zilipita na programu ikamkata. Lakini mzee mmoja wa mbali alipomjibu kwa Kifaransa cha polepole, baba alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu utoto. Hapo ndipo roho iliponiuma. Kumpa simu bila kumwambia ukweli niliona ni kumwibia mara ya pili.

Tulikuwa tumekubaliana kuonana chumbani humo kila asubuhi saa mbili, mimi Tenke, yeye Kapata. Jumatatu moja nilibonyeza kitufe, nikangoja kidogo ili neno la kwanza lisimezwe, nikasema kwa pumzi moja, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, maana nilijua hapa hawezi kunikatiza:

"Tata, ile fil ya antene, ni miye niliikata. Haikuwa bacreuseurs. Niliiuzisha juu ya biatu bya foot. Unisamehe. À vous."

Programu huonyesha alama ya anayesema, nami nikakodolea macho kioo. Kisha ikatokea ya yule mzee wa mbali, ambaye hakujua Kiswahili na alitaka kutusalimu tu. Baba akaingia, akamwomba kwa Kifaransa kizuri asubiri kidogo, kuna mambo ya nyumbani. Akanirudia mimi kwa sauti yake ileile ya kazini, kwanza akithibitisha kwamba amenipata.

"Bien reçu. Nilikuwa najua. Niliona meno ya bile biatu mu udongo, nyuma ya nyumba. Bacreuseurs nilikuwa nabatukana juu wewe usikie, useme. À vous."

Miaka ishirini yote, mzee huyu! Nilikasirika, nikacheka, nikalia, yote pamoja, palepale kwenye meza ya ofisi. Zamu ilikuwa yangu, lakini nilikuwa bado nafuta machozi. Hakungoja zaidi, akaingia tena.

"Nauliza kitu kimoja tu. Bile biatu bilikuenea? À vous."

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nimeshauanza.

"Hapana, tata. Bilikuwa bidogo. À vous."

Alama yake ikatokea. Alikuwa anacheka, kidole kwenye kitufe, na alicheka mpaka dakika tatu zikaisha na programu ikamkata.