Roshani Iliyogeuka Nyeusi

Mwezi wa Mfunguo tatu, mwaka 1955, nilifiwa na mume wangu. Haukupita muda nikaipoteza na rangi ya roshani yake. Kifo ni amri ya Mungu, sina la kusema. Roshani iliharibiwa na mtu.

Mtu huyo ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Alikuwa hodari wa kuamrisha kazi asizozijua. Wiki moja kabla ya khitma ya arubaini alikuja akasimama ukumbini. Mimi nilikuwa ndani ya eda, nazungumza naye nyuma ya pazia.

"Shemeji, wageni watakaa juu ya mbao hizi za roshani zilizopauka? Nshamwita fundi."

Mbao hazikupauka. Zilikuwa na wekundu wa chai iliyokolea. Kila mwaka baada ya masika mume wangu alichemsha magome ya mkoko katika chungu cha udongo, akayachuja kwa kitambaa, akaisugua sakafu kwa kumbi la nazi. Miaka kumi na moja alifanya hivyo, na kila mwaka aliniambia maneno yale yale: magome yasiguswe na chuma, rangi itakufa.

Kesho yake fundi aliroweka magome ndani ya pipa la chuma lenye kutu. Nililiona kwa tundu la dirisha. Fundi mwenyewe aliuliza, "Bwana, hakuna chungu?"

Shemeji akacheka. "Chungu ni mambo ya marehemu na ubahili wake. Tia humo humo!"

Neno langu moja lingetosha. Nilinyamaza. Nilitaka aaibike mbele ya watu, na nilimdharau kiasi cha kusahau kwamba sakafu si yake.

Kufika alasiri roshani yote ilikuwa nyeusi. Jirani yangu, bibi mtu mzima asiyejua kuuma maneno, alipanda ngazi akashika kiuno.

"Bibi we! Hii roshani au tako la sufuria?"

Shemeji akajibu kutoka ukumbini kwamba ndiyo rangi ya kisasa, na ikikauka itarudi. Haikurudi. Siku ya pili alikuja tena, akasema fundi ni mjinga. Siku ya tatu hakuja.

Jirani ndiye aliyeniletea vikapu viwili vya mbirimbi, zile tunazoungia mchuzi na kusugulia sinia za shaba. Tuliziponda, tukazipaka ubao kwa ubao, tukangoja, tukasuuza. Weusi ulitoka kama wino. Vidole vyangu vilichubuka, nikaona vimestahili.

Lakini mbirimbi hazichagui. Ziliondoa weusi wa shemeji pamoja na wekundu wa mume wangu, miaka yote kumi na moja. Mbao zilibaki nyeupe kama zimetoka kwa mpasua mbao jana. Hapo ndipo nilipolia, na jirani akaendelea kusuuza bila kunitazama.

Nikachukua chungu cha marehemu nikachemsha magome mwenyewe. Mkono mmoja wa rangi, hakukuwa na siku za kupaka zaidi. Ukatoka wekundu mwepesi, kama chai ya mgonjwa.

Siku ya khitma wanawake walikaa juu ya mbao hizo, hakuna aliyetaja rangi. Walipoondoka, shemeji alipanda kutazama. Nikarudi nyuma ya pazia.

"Mnaona sasa? Nlisema mimi, ikikauka itarudi. Watu mna haraka."

Nikamwambia, "Pipa nililiona, shemeji. Tangu fundi hajatia maji. Nilijua itakuwa nyeusi, nikakuacha."

Nikasikia kiatu chake kikisugua ubao, mara mbili tatu.

"Kahawa imebaki?" akauliza.

Nikampitishia kikombe chini ya pazia.