Kibao cha Lontiani

Sanduku lilikaa darini kwa kogo, nyanya yangu, huko Sosiot, kati ya vibuyu vya maziwa ya mursik na gunia la mahindi ya mbegu. Tulipokuwa wadogo alituambia tusiliguse, nami nikaamini lina nyoka. Mwaka huu mvua ilipopenya bati, tukalazimika kulishusha, na nikaona kilichokuwamo: treni.

Ilikuwa treni ya kuunganisha mwenyewe, ya aina ambayo watu wazima wa ng'ambo hukalia usiku na mchana wakiigundisha. Kichwa kimoja kilikuwa kimekamilika, na behewa moja pia. Mabehewa mawili yalikuwa bado vipande, vikining'inia kwenye fremu zao za plastiki kama matunda yasiyochumwa. Palikuwa pia na stesheni ya mbao na kadibodi, ndefu kama kiganja changu, na chini kabisa karatasi ya maelezo iliyonuka moshi.

Babu alikuwa mpishi wa meneja wa shamba moja la chai. Meneja huyo Mwingereza alipostaafu na kurudi kwao, babu alifika nyumbani mchana kweupe na sanduku hilo kichwani. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, mama mmoja jirani wa ng'ambo ya mto alisema, "Mpishi amejipakulia." Watu wakacheka. Babu alirudi nyumbani. Alilipandisha sanduku darini na hakulifungua tena mbele ya mtu hadi alipofariki. Kogo amezeeka akiwa mke wa aliyejipakulia.

Mimi nilichotaka kujua ni bei. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba treni kuukuu kama hizi zina wapenzi wake.

"Bei utaniambia baadaye," kogo akasema. "Kwanza uniulizie kama ni ya wizi."

"Kogo, treni haiwezi kusema ilivyopatikana."

"Kila kitu kinasema. Ng'ombe wa mtu unamjua kwa alama ya sikio. Nenda utafute sikio."

Ndivyo nilivyofika Londiani, kwa mwalimu mstaafu wa useremala, Mkisii aliyehamia huko zamani. Nyumba yake inatazama reli, na sebule yake ina treni ndogo hata juu ya friji. Nilimweleza habari za babu na swali la kogo, naye akalitandikia sanduku langu taulo mezani kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Alianza na magurudumu. Akapima kwa rula upana wa reli ambayo magurudumu yangekalia: milimita kumi na sita na nusu. Kisha akapima urefu wa behewa kwenda juu.

"Ya Kiingereza," akasema. "Wengine walitumia reli upana huu huu, lakini mabehewa yao ni membamba. Mwingereza aliweka behewa nono juu ya reli nyembamba. Ukiona tumbo, umemjua."

Akahesabu vipande kwenye fremu akivilinganisha na karatasi. Hakuna kilichopungua. Akanusa gundi, akakwaruza gurudumu kwa ukucha kuangalia kutu. Alinieleza kwamba kisichoguswa ndicho chenye thamani, kwamba hata mfuniko wa sanduku una bei yake, na kwamba mkono wa mtu ukishaingia, thamani huanza kushuka. Nilimsikiliza nikiendelea kungoja, kwa sababu hakuna lolote kati ya hayo lililokuwa sikio.

Ndipo akaiinua stesheni, akasoma kibao chake, akaangua kicheko hadi miwani ikamteleza.

"Lontiani! Nyinyi Wakipsigis, D yenu mliiacha wapi?"

Nikatazama. Kwa rangi nyeusi, herufi nene za mtu asiyezoea brashi: LONTIANI. Na kando ya jukwaa, majani makavu ya chai yamegundishwa kuwa vichaka.

"Tena amepanda chai!" mwalimu akaendelea. "Mji huu wa viazi! Haya, si angetuuliza tu jina la mji wetu huu, Rondiani..."

"Umesemaje, mwalimu?"

"Rondiani."

"Basi L yenu nayo mliiacha wapi?"

Alinitazama, kisha akacheka zaidi ya mwanzo. "Mjukuu, treni hiyo haitajua isimame wapi!"

Alikuwa bado anafuta machozi alipokipeleka kibao dirishani. Akakiinamisha kwenye mwanga, akachukua kioo cha kukuzia, kisha akanyoosha mkono bila kugeuka. "Nipe ile karatasi."

Chini ya rangi palikuwa na penseli. Mtu alikuwa amechora mistari miwili kwa rula, na kati yake ameandika jina lote taratibu, herufi za kulala, ili mwingine apite juu yake kwa brashi. Pale babu alipopaka T, D ya penseli ilikuwa imechungulia pande zote mbili, na mkia wake mrefu umejikunja. Kwenye karatasi ya maelezo, pembeni mwa hatua ya tisa, palikuwa na maneno ya Kiingereza kwa mwandiko ule ule wa kulala, D zenye mkia ule ule. Kuanzia hatua ya kumi, alama za vema zilikuwa nene na nzito. Za babu.

"Mwizi hachorewi mistari na mwenye mali," mwalimu akasema polepole. "Hawa wawili walikaa meza moja."

Na yule mwenye penseli, nilifikiri, aliiona T ikipakwa juu ya D yake, akaiacha.

Mwalimu alitaja bei. Ingenunua ng'ombe wa maziwa. Nikisafisha majani ya chai na kubadilisha kibao, akaongeza, ng'ombe na ndama wake. Hakungoja jibu langu. Alikuwa ameshaanza kuifunga stesheni kwa taulo lake mwenyewe.

Kogo alikuwa akichambua mboga nilipoiweka mbele yake. Nilimweleza kila kitu: penseli, mistari, mkia wa D. Alipitisha kidole juu ya kibao, herufi moja moja, midomo ikikifuata.

"Lon-ti-a-ni," akasoma. "Sasa kosa liko wapi? Si ndivyo panavyoitwa?"

Kidole chake kilibaki juu ya T. Nje, wachumaji chai walikuwa wakiitana kutoka mstari hadi mstari. Aliinuka, akasogeza chupa ya chai na Biblia, akaiweka stesheni katikati ya meza ya sebuleni, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione.

"Nenda ng'ambo ya mto," akaniambia. "Mwambie yule mama aje tunywe chai."

Nilikuwa mlangoni aliponiita tena.

"Mwambie aje na miwani."