Bamama wa Baraka waliniuliza tutapika tata ya nani

Wakuu, salamu kwenu. Mimi ni bibi wa siku nyingi ila simu naijua. Hili lilinipata mwenyewe, katika mji wetu wa Baraka, mwishoni mwa miaka ya hamsini, na sitalipamba.

Swali moja lilikuwa limeninyima usingizi: myrtille ni nini?

Nilikuwa nimetoka shule ya masista na diplome yangu, nikapewa kufundisha kwenye foyer, pale bamama, yaani akina mama, walipojifunza kushona na kupika. Wakikataa somo langu la kwanza, ninarudishwa nyumbani. Kitabu kilisema tarte, mkate wa matunda wa Kifaransa, ya myrtilles, matunda madogo ya buluu. Nilikuwa sijawahi kuyaona.

Sokoni nikakuta matunda madogo meusi, yameteremshwa kutoka milima ya Fizi. Ndiyo yenyewe au ndugu zake?

Nikala moja, nikasubiri tumbo liseme. (Ndivyo nilivyokuwa. Hata chumvi niliionja mara mbili nisije nikakosea.) Tumbo likanyamaza. Nikanunua kapu zima.

Jumapili baada ya ibada nikatangaza: kesho tunapika tarte. Ile r nikaimeza kama masista.

Kesho yake foyer ikajaa hadi mlangoni. Furaha niliyoipata! Lakini wote walikuwa wanabana vicheko.

Mama Asende, muuza mawese, akauliza kwa adabu zote: "Mademoiselle, tunaomba kujua. Ni tata ya nani tutapika?"

Kwetu tata ni baba, wakuu.

Jirani yake akadakia: "Kama ni ya kwangu, mutafute sufuria kubwa. Ile muzee iko na tumbo."

Nyumba nzima ikacheka. Mimi nikaanza kuwaza: niandike neno ubaoni? Niwafundishe kutamka r? Wakati nawaza, wawili wakafunga vitenge vyao waondoke. Walikuja kucheka, wamecheka, basi.

Nikafunga kitabu.

"Bamama, ile jina tuiachie masista. Leo tunapika mukate ya matunda. Muonje kwanza."

Kapu likazunguka. Ndimi zikawa za zambarau. Siagi hatukuwa nayo, tukakanda unga kwa mawese ya Mama Asende, tukaoka ndani ya sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Ukoko ukatoka rangi ya machungwa, maji ya matunda yanachemka pembeni. Harufu hiyo! Wale wawili wakakaa chini wenyewe.

Nilichojifunza: neno la kitabuni lisikize kwanza kwa sikio la nyumbani. Ninyi je, neno gani la shule liliwahi kuwachekesha watu mbele yenu? Shusheni comment, nasoma zote.

Mimi Kifaransa nilikiacha mlangoni. Mpaka naondoka foyer, nilifundisha kwa Kiswahili cha Baraka.