Banda la Motokaa Uani Kwangu

Msinione nimenyamaza mkadhani nilizaliwa mpole. Nimechoka tu. Mimi Zeina binti Sheikhan nimejenga banda la motokaa miezi minane bila ya kushika jiwe hata moja, na wallahi walioshika mawe hawakuchoka kama nilivyochoka mimi.

Mume wangu, Hashil, alikuwa na duka hapa Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Aliuza tende, kahawa, mafuta ya taa, na kanga alizozitundika mbele watu wazishikeshike. Sisi tulikaa nyuma ya duka: vyumba vitatu, ukumbi na uani. Aliponioa alikuwa muuza kahawa tu, na siku hizo mimi nilikuwa nikitoka. Baada ya sala ya isha najitanda buibui langu, nafuatana na Kijakazi, mwanamke aliyenisaidia kazi za nyumba, yeye mbele na kandili, mpaka kwa mama yangu Kisutu. Duka lilipokua, mume wangu naye akakua. Akaanza kusema mke wa mtu mwenye duka hapiti njiani na kandili kama muuza uji. Kijakazi akaolewa, akaenda zake Kisarawe. Basi nikatawa. Mchana sitoki, usiku sitoki. Mbingu niliyokuwa nayo ni ile ya pale uani, juu ya jiko na kamba ya nguo.

Mwanzoni mama ndiye aliyekuwa akinijia. Halafu miguu ikamvimba, na macho yakaingia mtoto wa jicho, akawa haoni ila mwanga. Alikaa na Amna, mjane wa marehemu kaka yangu. Mwaka wa kwanza ukapita hatujaonana, wa pili, wa tatu. Tukawa twapelekeana salamu kwa Mgeni, jirani yangu muuza maandazi, ambaye hakuna mtaa katika mji huu usioujua mguu wake.

"Mama yako anauliza utamwona lini."

"Mwambie karibu."

Miaka mitatu ya karibu! Hata Mgeni alichoka kuubeba ujumbe huo.

Mwaka ule alipovishwa taji mfalme mpya wa Waingereza, mji mzima bendera, Hashil alinunua motokaa ya Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge. Nyeusi, kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Akaingia ndani kaloa jasho kwa furaha.

"Mama Fakhriya," akaniambia, kwa kuwa binti yetu mkubwa ni Fakhriya, ameolewa Tanga, "sasa utakwenda kwa mama."

"Nitapandia wapi, barabarani?"

Akafikiri. Kufikiri kwake ni kujikuna kidevu. Akasema atajenga banda kule uani, mlango wake mkubwa utazame uchochoroni, na upande wa ndani liwekewe mlango mdogo wa kutokea nyumbani kwangu. Nitatoka jikoni, nitaingia bandani, nitapanda gari, na madirisha ya gari yatatiwa mapazia. Hakuna jicho litakaloniona mpaka nishuke ndani ya ua wa mama. Tena, akasema, gari likilala nje, kila kijana atokaye kucheza mpira Jangwani ataligeuza kibaraza.

Nilimpenda siku ile, siwafichi. Nikamwambia chukua uani nusu. Chukua kamba ya nguo, chukua mkomamanga wangu. Mgeni alipopata habari alicheka mpaka kikapu kikatikisika. "Bi Zeina, mie hayo mapazia sina, na mbona sijafa?" Nikamwambia anyamaze, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Masika ilipokatika, kazi ikaanza, na hapo ndipo nilipojua uchovu ni nini.

Fundi alikuwa Mbaruku, mtu wa pwani, mswalihina, sauti ya chini. Sikuwahi kumwona uso. Alikuja alfajiri na wenziwe wawili, akapiga hodi: "Hodi! Mafundi tunapita, jisitirini!" Nami naingia chumbani, nafunga mlango, nafunga na dirisha la uani, nakaa na joto la Dar es Salaam mpaka alasiri. Wao wamo katika mbingu yangu, mimi nimo gizani nahesabu nyundo. Na choo, jamani, choo kiko uani! Tukapatana hivi: nikishikika, napiga sinia kwa mwiko mara tatu, wao watoke uchochoroni, mimi nipite mbio, nikirudi nipige tena. Mtu mzima mimi, nina wajukuu, natangaza haja yangu kwa sinia mtaa mzima usikie. Hashil akaniambia mvumilivu hula mbivu. Nikamjibu mbivu gani, mbona zinaozea mtini?

Kisha akaja bwana afya, Mzungu, kukagua. Akasema jiko la makaa na petroli haviwezi kukaa pamoja, jiko lihamishwe. Alikuwa na haki yake, petroli si mchezo. Lakini jiko likahamia ukumbini, na moshi ukahamia machoni mwangu. Nilipika nalia, nakula nalia, na Hashil akauliza kwa nini mchuzi una majivu.

Mawe ya matumbawe yaliletwa kwa mkokoteni, yakaisha ukuta ukiwa kiunoni. Yakangojwa. Chokaa ikaletwa, vuli ikainyeshea, ikaharibika. Ikangojwa nyingine. Ukaingia mwezi wa Ramadhani, mafundi wakafanya kazi nusu siku, nao sikuwalaumu, nani abebe jiwe na kiu? Mbaruku akafiwa na shangazi yake Kilwa, akaenda matanga siku ishirini. Kila siku nikimuuliza Hashil, anajikuna kidevu.

"Haraka haraka haina baraka, mama Fakhriya."

"Na polepole nayo? Ina nini?"

Akarudi dukani.

Kilichonitia moyo ni pengo. Jioni mafundi wakishaondoka nilikuwa natoka nikitazama kazi ya mchana, na katika ukuta wa upande wangu Mbaruku alikuwa ameacha pengo, upana wa mlango khasa, kutoka chini mpaka juu. Ukuta ukipanda, pengo lapanda nalo. Nilikuwa nasimama pale na taa, natia mguu ndani, natoa. Hapa nitapita, nasema moyoni. Kwa mkono wangu nikashona mapazia ya gari, kitambaa cha melimeli ya buluu, nikayatia tarizi pembeni. Nikamtuma Mgeni: mwambie mama mwezi wa Mfungo Tatu hauishi, nakuja na motokaa. Mgeni akarudi akasema mama amewatangazia majirani wote, na amemwambia Amna afue shuka.

Siku ya mwisho ya kazi nilisikia nyundo, nikasikia mwiko wa fundi ukikwangua, nikasikia Mbaruku akisoma dua na wenziwe wakiitikia amin. Nikaitikia na mimi kule gizani. Hashil akawapa pilau, wakaondoka. Nikafungua mlango, nikatoka uani.

Pengo hakuna. Ukuta mzima! Umepigwa lipu, umesuguliwa, mweupe pe, haupitishi hata panya.

Nilikaa chini. Hashil alinikuta pale pale, akatazama ukuta, akanitazama mimi, kidevu hata hakukikuna. Alimfuata Mbaruku msikitini usiku huo huo. Akarudi na jibu. Mbaruku alikuwa amestaajabu. Kasema lile pengo lilikuwa la kupitishia mawe na maji tu. Kasema, "Bwana Hashil, wewe uliniambia niifikirie sitara ya nyumba. Ningewezaje kuacha tundu baina ya banda la gari na uani kwa watu wako?"

"Na wewe ulimwambia nini?" nikamuuliza mume wangu. "Siku ile mnapatana kazi, ulimwambia nini?"

Akainamisha kichwa. "Nilimwambia aifikirie sitara."

"Mlango hukuutaja?"

"Mama Fakhriya, nitasemaje? Nimwambie mwanamume mwenzangu mke wangu atapita hapa, na hapa atapanda gari? Niliona atafahamu mwenyewe."

Ndiyo hivyo. Alinionea haya. Miezi minane aliagiza mawe, chokaa, mabati na boriti, na neno moja la mke wake lilimshinda mdomoni. Asiyekuwapo na lake halipo, wahenga walisema, na mimi sikuwapo, nilikuwa chumbani na sinia langu. Na Mbaruku naye hakunikosea. Alinifanyia heshima, tena heshima kubwa, ya mawe.

"Toboeni," nikasema.

"Tutatoboa. Ila Mbaruku anasema chokaa mbichi, tukigonga sasa ukuta wote utashuka. Tungoje ukauke, mwezi na nusu."

Nilitaka kuteta. Nikafungua mdomo, nikaona sina nguvu. Nikasema haya, nikaenda kulala.

Motokaa ikaingia bandani. Kila asubuhi nikaisikia ikikohoa upande wa pili wa ukuta, karibu yangu kabisa, ikatoka na Hashil kwenda Kivukoni kuchukua mizigo. Mapazia ya buluu yalipepea yenyewe, magunia ya tende ndiyo yaliyositirika.

Haujafika mwezi, Jumapili moja adhuhuri, Mgeni aliingia bila hodi wala kikapu.

"Bi Zeina, mama yako hali tangu juzi. Uji anautema. Amna anasema umpelekee mumeo habari, gari lije likuchukue, leo."

Hashil alikuwa Kivukoni. Na angekuwapo ningepandia wapi? Nilitazama ule ukuta. Nilikuwa nimechoka kungoja, nimechoka kuchoka. Nikavuta buibui msumarini.

"Tuondoke, Mgeni."

"Mchana huu?"

"Wewe huwa unakwenda saa ngapi?"

Tukatoka kwa mlango wa mbele, dukani, katikati ya wateja. Wanaume wa barazani waligeuka. Mmoja akasema "Astaghfirullah," mwingine akaniamkia kwa adabu, nami nikapita. Jua lilinipiga machoni nikawa kama mgonjwa aliyetolewa kitandani. Wachukuzi wanapiga kelele tupishe, mikokoteni, mbuzi, maganda ya machungwa. Miaka ishirini na mbili nakaa Kariakoo, na sikuijua njia! Usiku nilikuwa nafuata kandili ya Kijakazi tu. Kila kona namuuliza Mgeni, "Huku?" naye ananishika kiwiko, "Huku."

Tulipofika Mnazi Mmoja, ule uwanja mtupu usio na ukuta wala mti wa kujibanza, nilisimama. Nikasema sasa watu wote watanitazama. Nikavuka. Hakuna aliyenitazama. Kila mtu alikuwa na lake. Ng'ambo ya uwanja, Mgeni akapinda kushoto, akapinda tena, akasimama.

"Tumefika."

"Tumefika wapi?"

"Kwa mama yako, Bi Zeina. Una nini wewe?"

Nilidhani ananitania. Jasho lilikuwa hata halijanitoka vizuri. Kabla sijatoka nilikuwa nimeinjika chungu cha maharage. Ningerudi pale pale ningekikuta ndiyo kwanza kinaanza kuchemka.

Mama alikuwa amelala kwenye shuka safi, mdogo, mdogo mno. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

"Zeina."

Akanyoosha mkono akanipapasa uso, paji, pua, kidevu. Akatabasamu. "Umekuja na gari lako?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuwa anaona. Lakini mkono wake ulikuwa umeshuka mpaka kwenye miguu yangu, umeshika vumbi.

"Nimekuja kwa miguu, mama."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Kutoka kwako Kariakoo?"

"Kutoka kwangu."

Amna akaacha kupepea.

"Kumbe ungeweza," mama akasema.

Hakusema kwa ukali. Lau angenigombeza ningeshukuru. Alilisema kama mtu aliyeambiwa habari ya kweli akaipokea, kisha akashika kidole changu kimoja, akalala. Nililia bila sauti nisimwamshe. Nililia kwa miaka mitatu, kwa kandili iliyozimwa, kwa sinia, kwa haya ya mume wangu, na zaidi nililia kwa ajili yangu, kwani mlango wa mbele ulikuwapo siku zote.

Jioni motokaa ikaja ikasimama nje. Hashil hakuingia. Alipiga honi mara moja, akangoja, akapiga tena. Mama akafumbua macho.

"Gari lako hilo, mwanangu?"

"La watu, mama," nikasema. "Linapita."

Nikakaa naye siku tano, mpaka walipomtoa kwenda kumzika.